Chai ya Baba Mkwe

Leo nimeingia kazini na unyusi mmoja wa Mungu na mwingine wa wanja. Mke wangu ameuchora alfajiri, mkono mmoja umenikaba kidevu, mwingine umeshika penseli, ananiamuru nitulie nisicheke, na anayecheka ni yeye. Kauchora vizuri, sina neno, ila upande wa nje kaupandisha kidogo, kwa hiyo tangu saa mbili kila anayezungumza nami anadhani namshangaa. Mhasibu kaniletea hesabu za mwezi, kanitazama usoni, kazichukua mwenyewe bila kuambiwa akaenda kuzirudia.

Unyusi halisi umebaki Magamba, kule juu ya Lushoto. Walioushuhudia ukiondoka ni mke wangu, watoto, shemeji yangu, kundi la skauti waliokuwa wamepiga kambi jirani, na baba mkwe. Hao wengine ningewamudu. Shemeji ni mtani, watoto watasahau wakinunuliwa kitu, skauti siwajui. Lakini baba mkwe! Mtu ambaye mbele yake hata kupiga chafya naomba radhi mapema, sasa kanikuta nimepiga magoti kwenye matope, masizi hadi masikioni, nakibembeleza kidude ambacho muda si mrefu nilikuwa nimemweleza, kwa heshima zote, kwamba kimefika kwenye vilele ambavyo stovu yake isingeota kuviona.

Stovu yake ni ile ya pampu, ya shaba, tangi la duara lenye miguu mitatu, imepigwa mhuri wa Uswidi ubavuni. Aliipata enzi za mkonge, alipokuwa karani kwenye shamba moja la Korogwe, na mpaka leo huing'arisha kwa ndimu na majivu. Ukiisogelea unajiona humo, mashavu yamevimba. Kwake haipikiwi tena maana kuna gesi, lakini ina rafu yake kabatini, na wajukuu hawaigusi bila ruhusa. Tulipokuwa tunapanga safari nilimwambia, "Baba, ile iacheni ipumzike. Safari hii jiko ninalo." Akajibu, "Haya, Baba Zuhura." Asubuhi ya safari nikamkuta barazani amepakata kapu. Ndani ya kapu mna stovu, imefungwa kanga.

Langu nililinunua Moshi kwa kijana anayeuza vifaa vinavyoachwa na wapanda mlima: majaketi, fimbo za kutembelea, soksi za sufu ambazo zimeshafika Uhuru na kurudi. Ukilitazama kwa haraka utadhani kuna sehemu imesahaulika. Lina miguu ya chuma inayojikunja, kichwa kidogo, na mrija uliosukwa kwa waya unaokwenda kwenye chupa ya alumini iliyolazwa pembeni. Tangi hakuna, chupa ndiyo tangi, na pampu inasokomezwa shingoni mwake badala ya kizibo. Ukilikunja linaingia mfuko wa koti. Linakula mafuta ya taa, petroli, na hata mafuta ya ndege, ambayo kwa nasaba ni mafuta ya taa yaliyosoma sana.

Hapa lazima nieleze jambo. Najua kuna watakaoruka aya hizi wakatafute habari ya unyusi, na waruke salama. Ila mimi kitu hiki kimenikamata, na mke wangu amekwisha kunikataza kukizungumzia mezani.

Mafuta ya taa hayana haraka. Petroli ukiiachia kizibo wazi mvuke wake unazurura wenyewe kutafuta moto, hata kwenye baridi kali. Mafuta ya taa sharti uyapashe mpaka yavuke nyuzi 38 ndipo mvuke wake uanze kukubali kiberiti. Ndiyo sababu bibi zetu walilala nayo chumba kimoja, chini ya kitanda, kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi, wakaamka salama. Lakini upole huo una gharama yake. Ukiyawasha jinsi yalivyo, kwenye utambi, yanaungua nusunusu. Jiko la mchina linafanya hivyo: tambi zinanyonya, moto unakuja wa manjano, sufuria linageuka makaa, na chai inanukia gereji. Ili mafuta ya taa yawake moto wa samawati, safi, usio na moshi, ni lazima kwanza yachemke yawe mvuke, nayo huchemka kati ya nyuzi 150 na 300. Sasa nani atakwenda kuyachemsha?

Mwaka 1892, huko Stockholm, fundi mmoja aitwaye Frans Wilhelm Lindqvist alipata jibu ambalo nikilifikiria usiku usingizi unaruka. Yachemshwe na moto wake yenyewe. Unajaza tangi, unapiga pampu, hewa inayakandamiza mafuta, mafuta hayana pa kukimbilia isipokuwa kupanda bomba la katikati. Yakifika juu yanakuta bomba limepindishwa ili lipite pembeni mwa moto. Hapo yanachemka, yanakuwa mvuke, yanarudi chini, yanatokea kwenye tundu ambalo uzi wa kushonea haupiti. Mvuke unafyatuka kwa kasi, unakokota hewa njiani, unagonga sahani ya chuma, unasambaa, unawaka. Na moto huohuo unachemsha mafuta yanayofuata nyuma. Halafu eti watu wanaita hicho kitu jiko, wanakiwekea sufuria ya uji.

Umeliona tatizo? Moto unahitaji mvuke, na mvuke unahitaji moto. Nani aanze? Anaanza spiriti. Chini ya kichwa pana kikombe kidogo. Unamimina spiriti, unaiwasha, unasubiri. Hapo ndipo penye mtihani wote wa stovu ya pampu, wa zamani na wa sasa, na ni mtihani wa subira tupu. Ukiifungulia kabla kichwa hakijapata moto wa kutosha, mafuta yanatoka yangali maji, yanaruka, yanashika, na unapata mwenge. Baba mkwe huingojea spiriti mpaka ulimi wake wa mwisho unakaribia kufa, ndipo anafunga skrubu ya kupumulia na kuanza pampu, taratibu, kidole gumba kikiwa juu. Stovu inakohoa mara moja, kisha inaanza kunguruma kama lori la mizigo linaloutafuta mlima wa Soni. Chumba kizima kinajua chai inakuja.

Kifaa hiki kilikwenda kila mahali. Roald Amundsen alikuwa nacho alipofika ncha ya kusini ya dunia mwaka 1911. Mwaka 1953 Edmund Hillary aliamka kwenye hema lake la mwisho chini ya kilele cha Everest akakuta viatu vyake vimeganda vigumu, akavishika juu ya moto wa stovu ya mafuta ya taa mpaka vikalainika, ndipo yeye na mwenzake Tenzing wakapanda. Niliisimulia habari hii garini, tukiwa tumepita Muheza. Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama viatu viliiva.

Kwa hiyo kati ya stovu yake na jiko langu elimu ni ileile: pampu, bomba lililopashwa moto, tundu. Kilichobadilika ni mahali pa tangi, na nje ya nyumba hilo ndilo jambo lenyewe. Stovu ya zamani imekalia mafuta yake. Ndani ya nyumba hakuna shida, lakini mlimani kuna upepo, na upepo unabeba moto wote unaupeleka Kenya. Ungependa kuizungushia bati, lakini huwezi kuizungushia yote, kwa sababu joto litarudi kwenye tangi, tangi litapanda presha, na hapo unapika juu ya kitu ambacho hakijaamua kitakuwa jiko au bomu. Jiko jipya limehamishia chupa mbali, mwisho wa mrija. Unalizungushia bati laini pande zote, moto unakaa ndani, upepo unapita kando ukitukana. Hii ndiyo hoja niliyoitoa mbele ya familia, na naishikilia hadi sasa, kwa unyusi uliobaki.

Stovu ya baba mkwe nayo ina jambo langu haliliwezi. Ukifungua skrubu yake kidogo hewa inatoka, fyuu, presha inashuka, moto unanywea, na wali unakauka bila kuungua. Langu linajua mambo mawili, kuzimika na kuunguza. Kwa kuyeyusha theluji sawa. Waliolibuni ni watu wa kuyeyusha theluji. Hawakuwahi kuulizwa ukoko.

Basi mafuta. Tuliyaanza kuyatafuta Segera. Kwenye kituo kimoja kijana wa pampu aliposikia nataka mafuta ya taa alimwita mwenzake aje asikie. Korogwe, hakuna. Mombo, hakuna, ila pampu yake ipo, imefunikwa gunia. Tukapanda hadi Lushoto, tukaipita, na kwenye duka moja la kijiji mwenye duka akasema anayo, akaingia nyuma ya nyumba, tukasikia pipa likiburutwa. Akatupimia kwa chupa za soda. Baba mkwe akainua moja kwenye mwanga wa jua la jioni, akaizungusha, akasema, "Mmh." Nilipaswa kuuliza hiyo mmh ina maana gani, lakini mtu hamhoji mkwewe.

Asubuhi ikawa baridi ile ya mwezi wa saba Usambara, ukungu umekaa kwenye miti, ukitema mate yanaanguka na moshi. Mlinzi wa msitu alikwisha kutuambia tangu jana kwamba moto wa kuni hapo hapana. Shemeji, ambaye hana stovu wala dini katika suala hili, akatangaza mashindano: birika mbili sawasawa, maji sawasawa, atakayechemsha kwanza ndiye atakayepewa paja kwenye kuku wa mchana. Watoto wakakaa mstari. Mwanangu mkubwa akatoa simu akaanza kurekodi. Nilimwona, nikanyamaza, maana nilitaka iwepo kumbukumbu.

Baba mkwe aliketi kwenye jiwe na kofia yake ya kiua, akamimina spiriti, akawasha. Upepo ukaizima. Akamimina tena, akawasha, akaikinga kwa viganja, upepo ukaingia katikati ya vidole ukaizima. Mimi wakati huo nimeshazungusha bati langu, nimelaza chupa, nimepampu, nimeachia mafuta kidogo kwenye kipamba cha chini, nimewasha. Moto wa manjano ukapanda ukashuka, nikasubiri kama inavyotakiwa, nikafungua. Likavuma! Samawati safi, duara kamili, hata upepo haukulitingisha. Nikasimama. Nikafuta mikono kwenye suruali. Nikasema, "Baba, karibuni msogee muote moto."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa maisha yangu ya zamani.

Jiko lilisema tkh. Halafu tkh, tkh. Duara likawa nusu duara. Likazima, likatoa mvuke mweupe. Nikainama kutazama, uso juu ya kichwa chake, kwa kuwa tundu ni dogo na ukitaka kuliona sharti usogee. Sekunde chache hakukuwa na kitu. Kisha pakatokea sauti ya mtu mnene anayevuta pumzi, na jiko likatema mafuta mabichi kwa nguvu zote za pampu, yakaikuta ile pamba ya chini ingali inafuka, na moto ukasimama wima, mrefu kunizidi mimi niliyepiga magoti. Ukapita. Yaani ulipita kwa ustaarabu kabisa, haukugusa pua, haukugusa shavu, haukugusa unyusi wa kulia. Ulichukua wa kushoto ukaenda zake. Kilichofuata ni harufu ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa, ukimya, na sauti ya mwanangu ikisema, "Nimeipata yote."

Sasa naomba hili liwekwe kwenye kumbukumbu, kwa sababu shemeji anaeneza kwamba nilifunga nozeli ya petroli. Jiko langu lina nozeli tatu: ya gesi ina tundu la milimita 0.45, ya petroli 0.37, na ya mafuta ya taa 0.28. Mafuta ya taa yana ukali mwingi ndani ya tone moja, yanataka hewa nyingi ndipo yaungue yakaisha, kwa hiyo tundu lake hufanywa dogo kuliko yote. Ukikosea ukaweka la petroli utapata moto mrefu wa manjano na masizi. Iliyokuwepo ni 0.28. Nimeifungua jana usiku, nimeipeleka kwenye taa, nimemwonyesha mke wangu namba iliyochongwa, akasema ameamini, akaendelea kukunja nguo.

Aliyegundua ni baba mkwe. Stovu yake hatimaye ilikubali, nyuma ya mgongo wa shemeji aliyegeuzwa ukuta, ikanguruma vizuri, kisha nayo ikasema tkh. Yeye hakuinama. Alinyoosha vidole viwili akafungua skrubu, fyuu, presha yote ikatoka, stovu ikanyamaza. Akaomba glasi. Akamimina humo mafuta kutoka chupa ya soda, akaiweka juu ya jiwe, akatulia. Sote tukaitazama glasi. Polepole chini pakajitenga tabaka jingine, upana wa kidole, lenye vumbi jekundu la kutu. "Maji," akasema.

Na hapo kila kitu kikaeleweka, kwa uzuri ambao ungenifurahisha siku nyingine. Mafuta huelea juu ya maji. Bomba la kunyonyea, liwe la Mswidi wa 1892 au la chupa ya alumini, liko chini kabisa, kwa sababu mbuni alitaka stovu inywe mpaka tone la mwisho. Kwa hiyo chupa ikishatulia, cha kwanza kunyonywa ni maji. Jiko langu lilianza vizuri kwa kuwa mrijani mlikuwa na masalia ya mafuta safi niliyopewa Moshi. Yalipokwisha yakaingia maji, maji yakageuka mvuke, yakakipoza kichwa, moto ukafa. Nyuma ya maji yakaja mafuta, yakakuta kichwa kimeshapoa, yakatoka mabichi. Hatua kwa hatua, hakuna kifaa kilichokosea. Jiko lilifanya kazi yake kikamilifu hadi kwenye paji langu la uso.

Wakati tunaitazama glasi akaja binti wa skauti, skafu imefungwa vizuri, ameshika birika kwa mikono miwili. "Shikamoo babu. Shikamoo mjomba. Mwalimu amesema mpokee hii, sisi tumeshakunywa." Chai ya maziwa, ina tangawizi. Walikuwa na mtungi mdogo wa gesi wenye kichwa juu yake, ule ambao kila genge la chipsi linao. Wamewasha kwa kiberiti kimoja, wakachemsha, wakanywa, wakaosha vikombe, wakaimba. Nikamshukuru. Akaanza kuondoka, akageuka, akajigusa juu ya jicho la kushoto. "Mjomba, hapa," akasema kwa sauti ya chini, jinsi unavyomwambia mtu ana mchicha kwenye meno.

Baba mkwe hakuionja chai hiyo. Aliyachuja mafuta, akayaacha yatulie, akayamimina ya juu tu kwenye tangi, akachomoa sindano yake ya stovu akazibua tundu, na kwenye saa sita hivi akanywa chai aliyoichemsha mwenyewe. Ya rangi, bila sukari. Hakunikaribisha na sikutegemea.

Mpaka hapo natania. Lakini lile pipa sitanii nalo.

Mafuta ya taa hayakuanza kulala kwenye mapipa nyuma ya maduka kwa bahati mbaya. Miaka ile ya uchakachuaji, wajanja wenye malori na matangi waliona mafuta ya taa yana ushuru mdogo kuliko dizeli, wakayamimina kwenye dizeli, wakatuuzia mchanganyiko, injini zikafa nchi nzima. Mwaka 2010 mafuta yakaanza kuwekwa vinasaba ili wanaochanganya wajulikane. Hilo sawa. Halafu bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi zaidi ya 400, ili bei zikaribiane na mchanganyaji akose faida. Wakenya nao wakafuata njia hiyo mwaka 2018, wakaweka tozo ya shilingi zao 18 kwa lita, hoja ileile. Na hoja inafanya kazi, sibishi. Ila tazama nani aliiba na nani akalipa. Mwenye lori alitafuta biashara nyingine. Bibi mwenye koroboi, ambaye hajawahi kumiliki hata gurudumu, ndiye aliyekuwa anapimiwa robo lita kwa bei mpya, na alipoacha kununua tukaambiwa matumizi yamepungua, tukapongezana. Vituo vikafunika pampu. Mafuta yakabaki kwa muuzaji wa mwisho wa kijiji, kwenye pipa linaloshika kutu na kunywa maji ya mvua, kwa wale ambao gesi haijawafikia na umeme wanausikia.

Najua majibu. Koroboi limeunguza watoto, moshi wake ni sumu, na tangu 2024 upo mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia huko ifikapo 2034. Nauunga mkono mkakati. Nimeunga mkono hata skauti. Ninachouliza ni huyu mtu wa kati ya leo na 2034 atapikia nini mvua ikinyesha na kuni zimelowa, na kwa nini kosa la mwenye tangi la lita elfu thelathini likamaliziwe kwenye chupa yake ya soda.

Jambo jingine linaloniuma ni vipuri. Ngozi ya pampu ya stovu ya baba mkwe ilipokauka zamani alikata duara kwenye kandambili kuukuu la ngozi, akaipaka mafuta ya kupikia, ikakaa miaka. Langu linataka oringi. Duara la mpira ambalo ukilidondosha kwenye zulia limekwenda. Nimeulizia Tanga mjini, nimepelekwa kwa fundi baiskeli, fundi baiskeli akanipeleka kwa fundi friji, fundi friji akasema saizi hiyo ni ya Wazungu. Ipo mtandaoni, na nauli yake ya kuja huku inakaribia bei niliyonunulia jiko. Watu wametengeneza kifaa cha kwenda mbali kuliko vyote duniani, na kikifika huko mbali kinadai kipuri cha nyumbani kwao.

Kuna mengine, sina nguvu nayo. Niliposafiri nalo kutoka Moshi konda alinusa begi langu na nikashushwa Same. Ufukweni Kigombe pampu iliingia mchanga ikawa inasaga badala ya kupampu. Video ya Magamba imefika Maskati, na shangazi yake mke wangu ametuma ujumbe wa sauti wa dakika nzima usio na neno hata moja, anacheka tu, mwishoni anakohoa.

Jana kwenye kundi la familia umewekwa mgawanyo wa kazi za safari ijayo ya Pangani. Baba mkwe: stovu, spiriti, na mafuta atakayoyachuja mwenyewe. Shemeji: mtungi wa gesi, iwapo. Mama mkwe: samaki. Watoto: kuni, kwa kuwa kule zinaruhusiwa. Nikashuka chini kabisa ya orodha kutafuta jina langu. Nimepewa mkeka.